Wingi wa Arifa Si Ulinzi

Mtambo wa kuhifadhi data kwenye mtandao, ambao ofisi nyingi huuita seva ya mafaili, hutoa habari za hali yake kwa njia mbili. Kwanza huandika kumbukumbu ya matukio: nani ameingia, faili gani limefutwa, diski ipi imepata joto, umeme umekatika saa ngapi. Pili hutuma arifa: barua pepe, ujumbe wa simu au alama kwenye skrini, ili msimamizi ajue kwamba kuna jambo. Maoni yaliyoenea miongoni mwa wauzaji wa mitambo hii, mafundi wanaoifunga na wakuu wa ofisi wanaoilipia ni kwamba kadiri arifa zinavyokuwa nyingi ndivyo usalama unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo siku ya kufunga mtambo kila kisanduku hutiwa tiki, anwani moja ya barua pepe huandikwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Maoni hayo ni makosa, na gharama yake hulipwa na wenye data. Kumbukumbu za matukio zinatakiwa ziwe nyingi, kamili, na zitunzwe mbali na mtambo wenyewe. Arifa zinatakiwa ziwe chache kiasi kwamba kila moja ikifika, mtu anaacha alichokuwa akikifanya. Anayeyachanganya mambo haya mawili huyapoteza yote: arifa zake hazisomwi, na kumbukumbu zake hazipo siku zinapohitajika.

Hoja ya wanaotetea wingi ina uzito wake, na haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba data ikipotea hairudi, ilhali ujumbe usio na maana hufutwa kwa sekunde moja. Wanaongeza kwamba hakuna awezaye kujua mapema ni tukio lipi litakalokuwa dalili ya balaa. Basi na yaletwe yote, binadamu achambue. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaipigia hesabu kila arifa peke yake. Arifa haziji moja moja. Ya kwanza husomwa neno kwa neno. Ya hamsini husomwa kichwa cha habari tu. Ikifika ya mia tatu, msimamizi ameshatengeneza folda maalumu ambamo barua zote za mtambo zinaingia zenyewe bila kufunguliwa. Tangu siku hiyo ofisi haina mfumo wa arifa, ingawa mipangilio yote inaonyesha kwamba inao. Wahenga walikwishasema kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na hapo ndipo hatari ilipo: mlango ukivunjwa kweli, mwenye nyumba ataendelea kulala.

Mfano wa mtambo wa kawaida unatosha kuonyesha jambo hili linavyotokea. Mtambo una diski 4 zilizounganishwa kwa RAID 5, umechomekwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, na uko katika ofisi ambayo umeme hukatika mara kwa mara. Kila umeme unapokatika arifa tatu hutoka: UPS inatumia betri, umeme umerudi, betri inachajiwa. Kila usiku zinakuja nyingine: nakala rudufu imeanza, nakala rudufu imekamilika, toleo jipya la programu linapatikana. Mchana zinafuata za watumiaji: fulani ameingia, fulani amekosea nywila, anwani fulani ya mtandao imezuiwa. Katikati ya mlolongo huo, usiku mmoja, inaingia barua inayosema kwamba diski ya 3 imehamisha sekta 8 mbovu. Mtumaji wake ni yuleyule, kichwa chake kimepangwa vilevile, na imekaa kati ya barua ya UPS na barua ya nakala rudufu. Siku kadhaa baadaye inaingia nyingine: kundi la RAID limepungukiwa.

Baada ya barua hiyo ya pili hakuna kinachobadilika machoni pa watu. Mafaili yanafunguka, mhasibu anachapisha ankara zake, feni inazunguka. RAID 5 imeundwa kuvumilia kufa kwa diski moja, na inavumilia kimyakimya. Ikifa ya pili kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa na kundi kujengwa upya, kila kilichomo kimekwenda. Thamani yote ya mfumo wa arifa iko katika kipindi hicho, kati ya diski ya kwanza na ya pili. Arifa ikisomwa, gharama ni diski moja mpya na saa nyingi za kusubiri kundi lijengwe. Isiposomwa, ofisi itajua habari hiyo kutoka kwa mhasibu ambaye mafaili yake hayafunguki.

Viwanda vikubwa vilijifunza somo hili kwa damu na moto. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, ving'ora na taa za tahadhari zaidi ya 100 viliwaka katika dakika za mwanzo, na hapakuwa na njia ya kunyamazisha visivyo muhimu ili vilivyo muhimu vionekane. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, wafanyakazi wawili walikabiliwa na tahadhari 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Uchunguzi wa ajali hiyo ulichangia kuandikwa kwa mwongozo wa EEMUA 191, uliotolewa mwaka 1999, ambao unapendekeza kwamba katika hali ya kawaida mwendeshaji mmoja asipate, kwa wastani, zaidi ya tahadhari moja kila dakika 10. Huyo ni mtu anayelipwa kukaa mbele ya skrini zamu nzima. Msimamizi wa TEHAMA wa shule au hospitali ya wilaya, mwenye kompyuta za kutengeneza na printa zilizokwama, hawezi kudaiwa umakini mkubwa kuliko huo.

Mfano wa barua pepe hasa ulitoka Marekani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kabla ya soko la hisa kufunguliwa, mfumo wa kampuni ya Knight Capital uliwatumia wafanyakazi wake barua pepe 97 zilizotaja hitilafu iliyokuwa ndani ya programu yao. Barua hizo hazikuwa zimetengenezwa kuwa tahadhari, na kwa kawaida watu hawakuwa wakizisoma zikifika. Soko lilipofunguliwa, programu hiyo ilituma maagizo yasiyotakiwa kwa dakika 45 na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Habari ilitumwa mara 97 na haikumfikia mtu. Anayeamini kwamba kutuma ni sawa na kuarifu anapaswa kuitafakari asubuhi hiyo.

Wengine hukubali kwamba arifa zote ni nyingi mno, lakini hujibu kwamba ngazi za uzito zimekwishatatua tatizo. Itifaki ya syslog, iliyoanzishwa na Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya programu ya Sendmail na kuandikwa rasmi katika RFC 3164 ya mwaka 2001 na RFC 5424 ya mwaka 2009, ina ngazi 8, kuanzia 0 kwa dharura hadi 7 kwa maelezo ya watengenezaji programu. Inaonekana rahisi: tuma arifa za ngazi 0 hadi 4, nyingine zibaki kwenye kumbukumbu. Lakini ngazi hutiwa na mwandishi wa programu, mtu ambaye hajaiona ofisi husika. Kwake yeye nywila iliyokosewa ni onyo, awe aliyekosea ni karani aliyerudi likizo au mdukuzi anayejaribu nywila za kamusi nzima saa 8 usiku. Kwake yeye nakala rudufu iliyokamilika ni taarifa ya kawaida tu, hata kama imekamilika ikiwa tupu. Ngazi ya uzito inaeleza jinsi programu ilivyoliona tukio. Haielezi tukio hilo linaidai ofisi nini. Ngazi ni msaada wa kuchuja, na uamuzi wa kipi kimwamshe mtu unabaki kuwa wa mwenye mtambo.

Kanuni ya uamuzi huo ni moja: arifa itumwe pale tu ambapo yuko mtu anayejulikana, mwenye kitu cha kufanya, ndani ya muda unaojulikana. Tukio lisilo na mtu, kitendo au muda ni la kumbukumbu. Watengenezaji makini waliiona kanuni hii zamani. Programu ya mdadm, inayosimamia RAID kwenye Linux na kutumika ndani ya mitambo mingi ya aina hii, inatambua matukio mengi, yakiwemo kuanza kwa ujenzi wa kundi, hatua zake na kumalizika kwake. Lakini barua pepe huitumia kwa mambo 5 tu: diski kuharibika, diski ya akiba kuharibika ikiwa katikati ya kuchukua nafasi, kundi kukutwa limepungukiwa, diski za akiba kukosekana, na ujumbe wa majaribio. Hakuna barua ya kupongeza kwamba leo mambo ni shwari.

Kwa mtambo wa ofisi, orodha inayostahili arifa haizidi vidole vya mikono miwili. Diski imekufa au kundi limepungukiwa. Diski imeanza kuonyesha sekta mbovu. Ukaguzi wa data umekuta makosa ambayo haukuweza kuyasahihisha. Nakala rudufu imeshindwa, au haijafanyika ndani ya muda uliopangwa. Nafasi imebaki kidogo kiasi kwamba itaisha kabla ya diski mpya kununuliwa. Joto limevuka kiwango au feni imesimama. UPS imebakiza chaji ya kuzima mtambo kwa usalama tu. Akaunti ya msimamizi imeingiwa kutoka mahali pasipo kawaida, au mafaili mengi mno yamebadilishwa kwa muda mfupi, jambo ambalo ndiyo sura ya kirusi cha kudai fidia kinapokuwa kazini. Umeme kukatika na kurudi, mtu kuingia kwenye akaunti yake, anwani kuzuiwa na toleo jipya kupatikana ni mambo ya kuandikwa kwenye kumbukumbu na kusomwa kwa pamoja mara moja kwa wiki.

Dalili za diski zinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watetezi wa wingi hujiona wana nguvu. Husema kwamba kama diski hutoa dalili, basi vipimo vyake vyote viletwe. Utafiti uliotolewa na wahandisi wa Google mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, unajibu kwa namna mbili. Ulionyesha kwamba diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi wa sekta ina uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyokuwa na kosa hilo. Dalili hiyo moja inastahili kumwamsha mtu. Lakini ulionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na alama yoyote katika vipimo vinne vyenye nguvu zaidi. Kampuni ya Backblaze, inayoendesha diski kwa maelfu, ilitoa mwaka 2016 hesabu yenye mwelekeo unaofanana: katika vipimo vitano inavyovifuatilia, asilimia 76.7 ya diski zilizokufa zilikuwa na angalau kipimo kimoja kilichopanda juu ya sifuri, na asilimia 23.3 zilikufa bila dalili hata moja. Funzo la hesabu hizi mbili ni kwamba vipimo vichache vina maana kubwa, na hakuna wingi wa vipimo utakaoitaja diski inayokufa ghafla. Kwa diski hiyo, kinga ni nakala rudufu iliyojaribiwa. Juhudi inayotumika kusoma arifa za joto la kila saa ingeokoa data zaidi kama ingetumika kurejesha faili moja kutoka kwenye nakala kila mwezi, ili kuthibitisha kwamba linarudi.

Kosa la pili la maoni yaliyoenea ni kuamini kwamba kimya ni habari njema. Anayetegemea arifa pekee husema, “Hakujaja kitu, basi hakuna kitu.” Tarehe 14 Agosti 2003 programu ya tahadhari katika chumba cha uendeshaji cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, iliganda mchana. Kwa zaidi ya saa moja waendeshaji hawakujua kwamba imeganda. Njia za umeme zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine, nao wakiona skrini tulivu. Giza lililofuata liliwafikia watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada.

Katika hifadhi ya data, tukio la GitLab lina uzito wa pekee. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi alifuta kwa bahati mbaya folda ya hifadhidata kwenye seva kuu. Walipokwenda kwenye nakala rudufu walikuta hakuna kitu, kwa sababu kazi ya kunakili ilikuwa ikishindwa kutokana na tofauti ya matoleo ya programu. Kazi hiyo ilikuwa imewekewa arifa ya barua pepe. Barua zilitumwa, lakini seva ya kupokea ilizikataa kwa kuwa hazikutimiza masharti ya uthibitisho wa DMARC. Kampuni iliokolewa na picha ya hifadhidata iliyopigwa saa 6 hivi kabla ya tukio kwa sababu nyingine kabisa, na ikapoteza data ya saa hizo. Kila aliyehusika alikuwa na haki ya kuamini kwamba nakala zipo, kwa sababu hakuna barua iliyowahi kuwafikia ikisema vinginevyo.

Hali hiyo inaweza kuukuta mtambo wowote mdogo. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kukubali programu zinazoingia kwenye akaunti za kawaida za Gmail kwa jina na nywila pekee. Mtambo uliokuwa umewekewa akaunti ya aina hiyo, ukiwa haukubadilishiwa mipangilio, ulipoteza sauti siku hiyo. Habari ya kupoteza sauti nayo ilitakiwa ipite kwenye njia ileile iliyofungwa. Njia nyingine zina mapengo yake. Arifa za SNMP, itifaki ya kusimamia mitambo ya mtandao, za aina ya trapu, zinazokwenda porti 162, hazisubiri jibu la mpokeaji, na zikipotea njiani hakuna anayejua.

Dawa ni kuugeuza mwelekeo wa wajibu. Badala ya kungoja mtambo useme unaumwa, kiwepo kifaa kingine, hata kompyuta ndogo iliyo mahali tofauti, kinachotarajia neno kutoka kwake kila siku: nakala ya usiku imekamilika, ukubwa wake ni huu. Neno hilo halisomwi na binadamu likifika. Likikosekana, kifaa hicho ndicho kinachotoa arifa. Ujumbe wa majaribio nao utumwe kila mwezi kwa njia zote, na mpokeaji athibitishe kwa mkono wake kwamba ameuona. Njia ziwe mbili zisizotegemeana, kwa mfano barua pepe na ujumbe wa simu, maana intaneti ya ofisi ikikatika barua pepe haitatoka.

Kumbukumbu za matukio zinadai mtazamo tofauti kabisa, na hapa ndipo maoni yaliyoenea yanapokuwa mabahili pasipostahili. Ofisi ileile inayotuma arifa 300 kwa wiki huacha kumbukumbu ndani ya mtambo wenyewe, zikifutwa na mpya kila nafasi ndogo iliyotengwa inapojaa. Lakini mtambo ukifa, kumbukumbu za kifo chake hufa nao. Na aliyeuteka mtambo ameziteka na kumbukumbu zake. Juni 2021 wamiliki wengi wa vifaa vya My Book Live vya Western Digital walikuta data zao zimefutwa na wadukuzi walioingia kupitia intaneti. Baadhi yao waliona katika kumbukumbu za kifaa mistari inayoonyesha kwamba hati ya kurudisha hali ya kiwandani ilianza kuendeshwa bila wao kuamuru. Mistari hiyo ilibaki kwa bahati. Mdukuzi mwangalifu angeianza kazi yake kwa kuifuta.

Kwa hiyo kumbukumbu zitumwe papo hapo kwenye seva nyingine, ambayo akaunti za mtambo wa hifadhi hazina ruhusa ya kufuta kitu ndani yake. Syslog ya kizamani husafiri kwa UDP kupitia porti 514, bila uthibitisho wa kufika na bila kufichwa. Inayofaa ni ile inayofichwa kwa TLS kupitia porti 6514. Saa za mitambo yote zilinganishwe kwa itifaki ya NTP. Muundo wa RFC 3164 hauandiki mwaka wala ukanda wa saa, na tofauti ya saa 3 kati ya UTC na saa za Afrika Mashariki inatosha kumfanya mchunguzi aamini kwamba faili lilifutwa mchana na karani aliyekuwa ofisini, ilhali lilifutwa jioni na mtu mwingine. Muundo wa RFC 5424 unaandika vyote viwili, na ndio wa kuchagua panapowezekana.

Muda wa kutunza kumbukumbu upangwe kwa kuzingatia kwamba udukuzi mwingi hugunduliwa baada ya wiki au miezi, na pia kwa kuzingatia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mdhibiti wa data, pale uvujaji unapowaweka watu katika hatari ya kweli ya kudhurika, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipoutambua. Hospitali ambayo hifadhi yake imeingiliwa haiwezi kueleza ndani ya saa 72 ni rekodi za nani zilizosomwa kama kumbukumbu zake zilifutika wiki iliyopita. Barua pepe 300 za UPS hazitaisaidia.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa ofisi ndogo: hazina mtaalamu wa kuamua kipi ni arifa na kipi ni kumbukumbu, hivyo kuwasha vyote ni salama zaidi kwao. Ukweli ni kinyume. Ofisi yenye kikosi cha zamu inaweza kuumudu mzigo wa arifa kwa muda. Ofisi yenye mtu mmoja haiwezi hata kwa wiki. Orodha iliyotajwa hapo juu huwekwa kwa saa chache, na inamtaka mtu huyo ajue mambo machache tu: diski ya kubadilisha iko wapi, fundi wa kupigiwa ni nani, na nakala hurejeshwaje.

Wala orodha hiyo si ya kuandikwa mara moja na kusahauliwa. Kila mwisho wa mwezi arifa zote zilizotoka zipitiwe pamoja na kumbukumbu. Arifa ambayo haikumfanya mtu achukue hatua yoyote irudishwe kwenye kumbukumbu. Tukio lililokutwa kwenye kumbukumbu, ambalo mtu angepaswa kulishughulikia na hakuarifiwa, liwekewe arifa. Kwa njia hiyo swali la nani awezaye kujua mapema kilicho muhimu linapata jibu: hakuna anayehitaji kujua yote mapema, mradi kila tukio limeandikwa mahali salama na yuko mtu anayelisoma daftari hilo kwa ratiba.